Darubini yenye kitulizo: ya baharini na ya mlimani si moja

Septemba iliyopita, kusi likiwa bado lina nguvu, tulitoka na mashua nje ya mwamba wa Nyali kutafuta nyangumi. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu msimu huo, wametoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Nilikuwa na darubini yangu ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) niliyoizoea miaka mingi. Siku ile haikunifaa kitu. Nikiona maji yamerushwa juu kwa mbali, naielekeza pale, chombo kinapanda wimbi na mimi nabaki natazama mawingu. Nikiishusha, naona povu tupu.

Mwenzangu alikuwa na darubini ya 12x36 yenye kitulizo cha picha, yaani kifaa cha ndani kinachozuia picha isitikisike. Alimpa nahodha wetu, mtu mzima ambaye mikono yake imeanza kutetemeka. "Mzee, bonyeza hapo juu, usiachie." Mzee akabonyeza. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusoma herufi moja moja: jina la meli ya makontena iliyotia nanga mbali, ikingoja zamu yake ya kuingia Kilindini. Alipofika mwisho akasema, "Mwanangu, ni miaka sasa sijasoma jina la meli mpaka niisogelee."

Tangu siku hiyo tunabishana, sisi tunaopenda kutazama ndege na wanyama: je, chombo hiki kina thamani ya bei yake? Wako wanaosema kila mtu anakihitaji, na wako wanaokiona ni njia ya kuuza betri. Mimi naona pande zote mbili zinasahau kuuliza swali la kwanza: unatazama umesimama wapi?

Tuanze na kinachofanyika ndani. Mkono wa binadamu hautulii, na darubini inayokuza mara 10 hukuza na mtetemo wa mkono mara 10. Ndiyo maana wengi wetu hukomea 8 au 10. Ukipita 12 bila tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia, unachopata kwa ukubwa unakipoteza kwa kutikisika. Kampuni ya Zeiss walilijibu hilo mwaka 1990 kwa darubini ya 20x60 inayotulizwa kimakanika bila betri, ila ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu. Mwaka 1995 Canon wakatoa ya 12x36 inayotumia betri na vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mtikisiko: vioo viwili bapa vimeunganishwa kwa kitu mfano wa mvukuto, katikati mna kimiminika, na vioo hivyo huinamishwa mara nyingi kwa sekunde kuurudisha mwanga mahali pake. Kampuni ya Fujinon wao, katika darubini zao za Techno-Stabi, huning'iniza prizimu kwenye fremu inayocheza. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mtu wa pwani. Mfumo wa Canon husahihisha mwinamo wa karibu nyuzi 1 tu, unaotosha kabisa kwa mtetemo wa mkono. Ule wa Fujinon hufika nyuzi 5 hivi, na hizo ndizo unazozihitaji chombo kinapoyumba. Anayenunua kwa ajili ya mashua aulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Walioichangamkia zaidi siku hizi ni wawindaji, hasa wa Marekani, wanaokaa juu ya kilima kutwa nzima wakichambua bonde la mbali kwa macho. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, nami sina hamu ya kuona unarudi. Lakini hoja yao moja, kwamba darubini iliyotulia humsaidia mtu kujua umri wa mnyama kabla ya kupiga, nimeipima na kuikubali. Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo, dume la simba linalolengwa linatakiwa liwe limefika miaka 6. Umri huo utaujuaje kwa mbali? Mwaka 2004 Karyl Whitman na Craig Packer, waliotafiti simba wa Serengeti, walionyesha kwamba pua husaidia: ya simba kijana ni ya rangi ya waridi, kisha madoa meusi huongezeka kadiri anavyokua, mpaka nusu ya pua au zaidi inakuwa nyeusi. Doa jeusi kwenye pua, mnyama yuko mbali, mikono inatetemeka. Anayekosea hapo ameua dume ambalo bado lina watoto wa kulinda. Darubini iliyotulia inaweza kumzuia mtu asipige risasi, na hilo si jambo dogo.

Upande wa pili sasa, na hapa hali ya hewa yetu inaingia shaurini.

Kwanza mwanga. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaofika jichoni. 8x42 inatoa milimita zaidi ya 5. 16x42 yenye kitulizo, kama ile ya SIG Sauer ambayo wawindaji wengi wanaipenda, inatoa 2.6 tu. Mchana hutaona tofauti. Alfajiri, wakati mboni imefunguka na palahala, wale swala wakubwa wa Shimba Hills kule Kwale, wako wazi kwenye majani, picha inakuwa ya giza, na kitulizo hakiwezi kuongeza mwanga ambao lenzi haikuuingiza. Vilevile hakiondoi mazigazi. Saa sita mchana joto likipanda kutoka ardhini, picha itatulia mkononi na mnyama ataendelea kuchezacheza kama yuko chini ya maji.

Halafu unyevu. Hili linaniuma, kwa sababu darubini yangu ya kwanza niliipoteza kwa kuvu. Niliiacha kwenye mfuko wa ngozi kabatini msimu mmoja wa mvua. Nilipoifungua, lenzi ilikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui. Ya kawaida, fundi wa kamera anaweza kuifungua na kuisafisha. Yenye vihisi na mota, mjini hapa sijampata fundi wa kuigusa. Nyingi pia hazizuii maji kabisa, ingawa Canon wana 10x42 isiyopitisha maji. Chumvi yetu inakula bawaba za mlango, seuze waya mwembamba kama unywele.

Na bei: ya maana itakutoka mamia ya dola, nyingine zaidi ya elfu. Kwa pesa hiyohiyo utapata ya kawaida yenye vioo bora kuliko hivyo, na tripodi juu yake.

Kwa hiyo anayetazama kutoka kwenye mashua, au ambaye mikono yake haimtii tena kama nahodha wetu, simwambii asubiri. Anunue, aiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu, atoe betri kila akirudi nyumbani. Anayekaa chini na kuegemeza viwiko magotini, au mwenye tripodi, hizo pesa azitie kwenye lenzi. Mimi kusi lijalo nitaomba tena ile ya mwenzangu. Kwale nitapanda na yangu na miguu yake mitatu, nifike kabla ya jua, maana joto likianza tu palahala huingia kivulini.