Punguzo la Theluthi, Hasara ya Nusu

Wapenzi wa sanaa nchini Tanzania wana malalamiko mawili yanayopingana bila wao kugundua. La kwanza ni kwamba picha ni ghali, ndiyo maana zinaishia kwenye mabegi ya watalii huku sebule zetu zikibaki na kalenda za benki. La pili, wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama kwa rangi kali uliopewa jina la mwasisi wake, wanarudia pundamilia yuleyule mpaka anachosha. Wanachotaka, ukiyajumlisha hayo, ni mtu abuni kitu kipya kila asubuhi na akiuze kwa bei ya kutupa.

Kwenye hilo la kurudia wachoraji wanaonewa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei ndogo, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Rangi ya namna hiyo haikauki upesi. Chui huwezi kumchora juu ya mandharinyuma mabichi, hivyo fundi hupaka mandharinyuma ya picha kadhaa kwa mkupuo, anazianika, kisha anarudi na wanyama. Mara nyingi mwanafunzi hupaka rangi ya chini na mwalimu wake akamalizia. Bei nafuu imetokana na mpangilio huo, na bado kila picha imechorwa kwa mkono. Seremala akitengeneza kitanda kilekile mara mia, hakuna anayesema amekosa ubunifu.

Sasa tupige hesabu, ya mfano tu. Picha ndogo inauzwa shilingi 30,000. Kitambaa, rangi na fremu vimekula 10,000. Mchoraji anabaki na 20,000. Mnunuzi anakata bei mpaka 20,000 na kuondoka akijisifu kwamba kapunguziwa theluthi moja. Lakini vifaa havikupungua hata senti, kwa hiyo mchoraji amebaki na 10,000: nusu ya kipato chake imekwenda. Na hapo hatujagusa kodi ya banda, wala mwanafunzi anayesubiri nauli. Ndiyo maana nashangaa mchoraji akigoma kushusha bei halafu aitwe mwenye majivuno.

Wanaopinga wana hoja nzito moja. Mabanda kumi yakitundika twiga yuleyule, mnunuzi anahama kwa jirani kwa tofauti ya shilingi elfu moja, na mashindano hayo hayana mwisho. Mkono nao unazoea njia ya mkato. Hilo nalikubali. Ila ugonjwa huo unaletwa na kuuza kitu kimoja mahali pamoja, na kushusha bei kunauzidisha.

Kuna njia nyingine za kumfikia mnunuzi mwenye kipato kidogo. Picha inaweza kupunguzwa ukubwa bila kupunguza thamani ya siku ya kazi. Kibao cha chapa, yaani ubao wa kugongea picha kwa wino, kikichongwa mara moja kinatoa nakala nyingi zenye namba na sahihi, kila moja kwa bei ya chini. Na Mtanzania anayenunua kabati kwa kulipa kidogo kidogo anaweza kununua picha hivyohivyo: 10,000 leo, 10,000 mwezi ujao, na akimalizia 10,000 ya mwisho anabeba picha yake, mchoraji akiwa amepata 30,000 zake kamili.