Kitanda nacho kina bei

Mkwezi akianguka kutoka kwenye mchikichi hapa Kigoma, mara nyingi hutua kwa makalio au visigino, na kishindo chote hupanda kiunoni. Pingili za chini za mgongo hupondeka, au pete ya mifupa ya nyonga hufunguka. Bodaboda nazo zinaleta majeruhi wa namna hiyohiyo. Kisha ndugu hukaa kikao: apasuliwe, au alale tu hadi mfupa uunge?

Wanaosema alale si waoga. Pingili iliyopasuka bila kuyumba, miguu ikiwa na nguvu na mkojo ukitoka wenyewe, mara nyingi hupona bila kisu. Upasuaji wa mgongo unataka eksirei mlemle chumba cha upasuaji, damu ya akiba, skrubu za kipimo sahihi na daktari aliyeizoea kazi hiyo. Usaha ukiingia kwenye vyuma, ni balaa jingine. Tena Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko mbali, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ila ule usemi kwamba kisu cha mgongo ndicho kinachopoozesha, mimi siukubali. Upasuaji una hatari zake, lakini wengi waliopooza walipoteza nguvu za miguu siku ileile ya kuanguka. Wakitoka kupasuliwa wakiwa vilevile, lawama hutupiwa kisu.

Bei ya kisu kila mtu anaiuliza. Ya kitanda je?

Mgonjwa asiyehisi kiuno hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Ni mara 12 kwa siku. Kwa wiki 6, na wengine hulala zaidi ya hapo, ni mara 504. Mgongo usio imara haugeuzwi na mtu mmoja. Wanatakiwa watatu au wanne wamzungushe kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja. Saa nane usiku hao wanne wanatoka wapi? Muuguzi ana wodi nzima. Anayebaki ni mke aliyeacha shamba na shemeji aliyeacha mtumbwi, wanaolala sakafuni pembeni ya kitanda. Jasho lao halimo kwenye bili, ndiyo maana tunasema kulala ni bure. Wakipitiwa na usingizi usiku mmoja tu, ngozi ya juu ya tako huweza kuanza kufanya kidonda. Kidonda hicho kikifika mfupani huweza kuua, tena polepole, wakati mfupa wenyewe umeshaunga.

Ludwig Guttmann, daktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliyeanza kuhudumia walioumia uti wa mgongo hapo mwaka 1944, hakuupenda upasuaji wa mgongo, na watetezi wa kitanda wana haki ya kumtaja. Lakini wodi yake iligeuza wagonjwa kila saa 2 bila kukosa. Sisi tumechukua kitanda chake tukaacha mikono yake.

Hapo ndipo vyuma vinapoonekana kwa sura nyingine. Haviungi mishipa ya fahamu iliyokatika. Vinampa mtu nafasi ya kukaa baada ya siku chache, apumue vizuri, ageuzwe na mtu mmoja. Kwa nyonga iliyofunguka, shuka iliyokazwa usawa wa nundu za mifupa zilizo pembeni, juu ya mapaja (si tumboni) hupunguza kuvuja damu njiani, kisha antena, yale machuma ya nje, huishikilia. Hiyo ni operesheni ndogo kuliko ya mgongo. Na uti wa fahamu, ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya mgongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno; chini yake ni mishipa ya fahamu tu, ambayo ina matumaini zaidi ya kupona ikiondolewa mgandamizo mapema. Aliyevunjika hapo akaanza kushindwa kukojoa hana wiki za kusubiri kikao.

Kwa hiyo mwenye mvunjiko tulivu alale, sina ugomvi. Mwenye mgongo unaoyumba ndiye ninayemtetea. Ndugu wakikaa tena, waandike bei ya vyuma upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili 504, pamoja na majina ya wanne watakaoamka saa nane usiku.