Mfumo mpya wa chuo ujaribiwe Makete kwanza

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Iringa, na naunga mkono kwa moyo wote mfumo wetu wa masomo mtandaoni usasishwe. Ninachopinga ni namna tunavyoupima. Watu wa TEHAMA wanakaa ofisini penye faiba, wanabofya, kila kitu kinafunguka palepale, kisha tangazo linatoka kwamba mfumo uko tayari. Mwanafunzi aliyeko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huko wilayani Makete mkoani Njombe, mwenye bando la siku moja, hajaulizwa lolote.

Kusasisha hakukwepeki. Vyuo vingi nchini vinatumia Moodle, mfumo alioubuni Martin Dougiamas wa Australia, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Leseni yake ni bure, ila seva, yaani kompyuta inayouhifadhi, na mtaalamu wa kuuhudumia lazima vilipiwe. Toleo la 4.1 lilitoka Novemba 2022, na marekebisho yake ya usalama yalipangiwa kukoma Desemba 2025. Chuo kinachoendelea na toleo lililokwisha muda kinaacha alama za wanafunzi bila ulinzi. Na kadiri unavyochelewa ndivyo kazi inavyoongezeka: aliye kwenye toleo la 3.9 hawezi kurukia 4.5 moja kwa moja, lazima apitie toleo la kati kama 4.1, na seva nayo iwe na PHP, lugha ya programu inayouendesha mfumo, toleo la 8.1 au zaidi. Mambo hayo wataalamu wetu wanayajua vizuri.

Shida inaanzia kwenye simu. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinionyesha ukurasa wa mwanzo wa mfumo wa chuo chake baada ya kusasishwa. Kabla hajaona pa kuweka nywila, simu ilikuwa inapakua picha kubwa za mahafali, moja baada ya nyingine. Alipoingia, kitufe cha kuwasilisha kazi kilikuwa kimejificha chini kabisa, kimefunikwa nusu na utepe wa rangi za chuo. Notsi alizozifuata zilikuwa kurasa zilizopigwa picha na kuunganishwa kuwa PDF ya MB zaidi ya 40. Bando likakata katikati.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Mwakilishi wa darasa anapakua notsi mara moja na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp, kazi zinaletwa kwa barua pepe, na mfumo uliogharimu fedha nyingi unabaki wa kutazamia alama tu. Halafu tunasema wanafunzi hawapendi teknolojia! Si kweli hata kidogo. Wanakwenda panapofunguka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa imo ndani ya mfumo wenyewe. Programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa kwenye waifai ya chuo, akayasoma kijijini bila intaneti. Hata jaribio anaweza kulifanya nje ya mtandao na majibu yakatumwa mtandao ukirudi, mradi mwalimu ameruhusu hivyo na hajaliwekea kikomo cha dakika. Lakini msimamizi asipowasha huduma za simu kwenye seva, hayo yote hayafanyi kazi. Na mwalimu ambaye hakufundishwa hatajua kwamba mpangilio huo upo. Mafunzo ya walimu huwa tunayaweka mwishoni, fedha zikibaki. Mimi ningeyaweka mwanzoni, pamoja na sheria kwamba notsi zichapwe, zisipigwe picha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mfumo unaotumika usiguswe karibu na UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Itengenezwe nakala ya majaribio pembeni, nakala rudufu ya data ihifadhiwe mahali salama, kisha wakati wa fildi watafutwe wanafunzi walioko Makete, Ludewa na Chunya, wenye simu za bei ya chini. Wapewe kazi tatu: kuingia, kupakua somo na kuwasilisha asaimenti. Wengi wao wakishindwa, uzinduzi usogezwe mbele hadi kasoro zirekebishwe, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa. Na bando la jaribio hilo lilipwe na chuo.