Nani Atauambia Mvinyo wa Dodoma Ukweli?

Kila mwaka, kwa siku chache, kazi yangu hapa Stellenbosch, Afrika Kusini, ni kumimina mvinyo wa mashindano. Tunakaa chumba cha nyuma, chupa zimevishwa mifuko myeusi hadi shingoni, glasi zimebandikwa namba. Majaji wako upande wa pili wa ukuta. Hawajui shamba, hawajui bei, hawajui nani katengeneza. Wanatazama rangi, wananusa, wanachukua fundo dogo, wanalizungusha mdomoni, wanatema kwenye ndoo, wanaandika. Msimu uliopita niliondoa mezani glasi za mvinyo wa shamba lenye jina kubwa, shamba ambalo watalii hupiga picha hata geti lake. Jopo liliandika mstari mmoja tu: umeingiwa na hewa, unanuka siki. Mvinyo ukatoka bila nishani, na kesho yake kazi ikaendelea kama kawaida.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma, na baba yangu mdogo ana ekari mbili za mizabibu kule. Likizo ya mwisho nilimpeleka mjini tukale pamoja, nikaagiza mvinyo wa Dodoma, mwekundu. Chupa ilishushwa kwenye rafu iliyo kando ya dirisha la magharibi, ina joto kama imetoka jikoni. Rangi ilishaanza kugeuka kahawia na harufu ilikuwa ya zabibu zilizochemshwa. Nikamwambia mhudumu kwa upole kuwa imeharibika, kama kuna nyingine anibadilishie. Akanitazama kwa mshangao. "Kaka, waini yetu ndivyo ilivyo. Au umeshazoea ya Sauzi?" Meza ya jirani wakacheka, na baba mdogo akainama kwa aibu, akanywa.

Nimelibeba jambo hilo hadi huku. Nyumbani, ukiukosoa mvinyo wa Dodoma unaonekana umeikosoa nchi. Tunausifu kwa sababu ni wetu, na kwa sifa hizo tunamnyima anayeutengeneza kitu pekee kitakachomsaidia kuutengeneza vizuri zaidi.

Huku wenzetu wamepita njia hiyo hiyo. Zabibu wanayojivunia, Pinotage, ilizaliwa hapa hapa Stellenbosch mwaka 1925, pale profesa Abraham Perold alipochavusha pamoja aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Miaka ya 1970 waonjaji kutoka Uingereza waliitukana waziwazi, wakasema ina harufu ya misumari yenye kutu. Wakulima wengine walikata tamaa, lakini wengine walirudi kwenye mapipa yao kuchunguza: joto la kuchacha, siku ya kuvuna, wingi wa mashada kwenye mti. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop akatajwa mtengenezaji bora wa mvinyo kwenye shindano kubwa la London, na Pinotage ndiyo iliyompeleka. Mwaka 1995 watengenezaji wakaunda chama chao, kisha wakaanzisha shindano la kuchagua Pinotage kumi bora kila mwaka.

Na sisi tunayo zabibu ya kwetu, Makutupora, yenye jina la kijiji cha Dodoma. Hali ya hewa yetu inaturuhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa huku wakisikia hunitaka nirudie. Tangu wamisionari walipopanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, tumekuwa na muda wa kutosha kuijua. Lakini niulize: Makutupora nzuri inanukaje? Makutupora mbovu inanukaje? Sijasikia mahali huko Dodoma panapolijibu hilo hadharani, kwa alama, kila mwaka.

Wala kuonja si jambo geni kwetu. Kahawa yetu huonjwa Moshi kabla ya mnada, inavutwa kwa kijiko kwa kelele, inapangwa kwa daraja, na mkulima wa Kilimanjaro anajua daraja la chini maana yake ni fedha kidogo. Hakuna anayesema mwonjaji kaitukana Tanzania. Kwenye kahawa tunakubali kwa kuwa mnywaji yuko mbali, mzungu mwenye pesa. Mvinyo tunaunywa wenyewe, na kumbe sisi wenyewe hatujioni kuwa tunastahili ukali uleule. Hilo linaniuma kuliko ile chupa ya dirishani.

Huku, tangu 1973, chupa inayotaka kuandikwa eneo la asili, aina ya zabibu au mwaka wa mavuno lazima ithibitishwe, na sehemu ya uthibitisho huo ni jopo la waonjaji. Kasoro ikionekana, inarudi. Kwa hiyo hata mvinyo wa bei ya chini, ukiwa na mojawapo ya maandishi hayo, umepita mbele ya pua ya mtu.

Sitaki kila kitu cha huku kije kwetu. Mashamba haya kwa vizazi yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, mfumo walioita dop, na madhara yake bado yanaonekana katika familia za wafanyakazi. Lugha ya majaji nayo imejaa matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni. Lakini pua haina pasipoti. Mwaka 2017 Wazimbabwe wanne waliohamia Afrika Kusini, wakiwemo Joseph Dhafana na Tinashe Nyamudoka, walikwenda Burgundy, Ufaransa, kushindana na mataifa mengine kuonja mvinyo bila kuona chupa. Nyamudoka leo ana mvinyo wake, ameuita Kumusha, yaani nyumbani kwa Kishona.

Ninachokitaka Dodoma ni jopo moja, mara moja kwa mwaka, chupa zikiwa zimefunikwa, majibu yakitangazwa yote, mazuri na mabaya, kwa Kiswahili. Na wakulima wawemo. Baba mdogo hupeleka zabibu kiwandani, zinapimwa sukari, analipwa au anarudishwa. Miaka yote hiyo hajawahi kuambiwa mvinyo uliotoka kwenye zabibu zake umekuwaje.

Usiku ule tuliporudi Hombolo, nilizivisha soksi chupa tatu nilizonunua mjini, nikamimina kwenye vikombe vya chai. Nilimwambia aseme chochote kinachomjia. Cha kwanza alikinusa, akasema kina ukwaju na zambarau, akakimaliza. Cha tatu alikimwaga uani: "Hii ilikaa juani." Ilikuwa nembo ileile ya mchana. Cha pili ndicho kilichomkalisha. Alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema kinakwaruza ulimi, zabibu zilichumwa mbichi, watu walikuwa wanaikimbia mvua.

Nikavua soksi. Kilikuwa cha kiwanda kinachonunua zabibu zake.

Aliigeuza chupa mkononi muda mrefu, akiisoma kila upande. "Wangeniuliza," akasema, "ningewaambia wasubiri siku kumi."