Kasula ya dhahabu na hesabu ya dinari 300

Kila msimu wa upadirisho ukifika huku kwetu picha zinaanza kuzunguka kwa simu. Mashemasi wamelala kifudifudi mbele ya altare na alba nyeupe, dakika chache baadaye hao hao wamesimama na kasula (vazi la juu la padre wakati wa Misa) za nyuzi za dhahabu, mama mzazi analia, wamama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanapiga vigelegele. Na chini ya picha hakosi mtu ataandika, hiyo kasula ingelipia watoto wangapi karo? Basi hapo ni vita mpaka usiku. Na tangu Papa Leo wa 14 atoke kwa kile kibaraza cha Vatikani tarehe 8 Mei 2025, siku aliyochaguliwa, amevaa mozeta nyekundu (kijoho kifupi cha mabegani), ile ile yenye Papa Francis aliikataa 2013, hii maneno imeongezewa petroli, kila upande unasema Roma iko na sisi.

Wacha nianze na wale wa urahisi, wanaotaka mapambo ya mavazi yapunguzwe, juu wana hoja na si hoja ndogo. Papa Paulo wa 6 aliliweka taji lake la kipapa juu ya altare tarehe 13 Novemba 1964 litolewe kwa ajili ya maskini, na mapapa wote waliomfuata hakuna hata mmoja amevishwa taji. Mwaka uliofuata, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (ule mkutano mkuu wa maaskofu) ukikaribia kuisha, maaskofu kama 40 walienda kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Domitila kule Roma wakasaini ahadi ya kuachana na mavazi ya fahari na alama za dhahabu na fedha. Hati ya Mtaguso juu ya liturujia (ibada) ya 1963 yenyewe inasema tutafute uzuri wenye hadhi kuliko gharama tupu, na hapo hapo inataja mavazi ya ibada. 1969 wakapunguza nguo za makardinali. Halafu Francis, Juni 2022, akawaambia mapadre wa Sicilia kwa utani wa kuchoma kwamba hizo lesi mnazovaa ni heshima kwa bibi, sawa, lakini Mtaguso umepita miaka 60 bado tuko hapo? Mtu akinirushia hayo yote siwezi kusema ametoa kwa hewa. Ni mafundisho, ni historia, na ukisoma Injili kidogo tu unaona yametoka wapi.

Shida yangu ni ile hesabu ya karo. Hiyo ndio haikai vizuri kabisa na naona watu wanaipitisha tu bila kuikagua.

Kwanza si mpya, iko kwa Yohana sura ya 12. Maria anammiminia Yesu miguuni marhamu ya nardo safi, na bei tunaijua kwa sababu Yuda aliipiga papo hapo: dinari 300, kwa nini haikuuzwa wakapewa maskini? Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua ya siku nzima, ndivyo inavyotumika kwenye ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Kwa hivyo 300 ni karibu mwaka mzima wa kazi ukitoa Sabato na sikukuu. Sasa ilete hapa Kisumu. Tuseme mtu wa mjengo pale Mamboleo analipwa 700 kwa siku, ni mfano tu, kuna wa zaidi na kuna wa chini ya hapo. Mara 300 unapata 210,000. Laki mbili na kumi imemwagwa kwa miguu ya mtu mmoja, jioni moja, nyumba inanukia yote na kesho yake hakuna kitu cha kuonyesha. Na Yesu akasema mwacheni. Mimi kila nikisoma hapo nashtuka upya juu ningekuwa mezani ningenung'unika pia, laki mbili jamani, na Marko anasema walionung'unika hawakuwa mmoja.

Na kasula haimwagiki. Tuseme imenunuliwa elfu 30, inavaliwa sikukuu 20 kwa mwaka kwa miaka 15. Hizo ni Misa 300 (namba inajirudia yenyewe, sikuipanga), shilingi 100 kila Misa, na kama kanisani wako watu 500 basi ni senti 20 kwa kichwa, hata peremende hupati. Upande wa karo sasa: ile serikali iliipangia shule za kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, kumaanisha kasula yetu hata ukiiuza bei ya dukani haimalizi mwaka mmoja wa mtoto mmoja. Sisemi karo ni kitu kidogo, nasema mtu anayeleta kasula kama ndio imemfukuza mtoto shule ameshika mwizi wa sukari akaacha wa ng'ombe. Yohana anaongeza kwamba Yuda hakuwa anawaza maskini, alikuwa ndiye anashika mfuko. Sitamwita kila mwenye kuuliza Yuda, wengi wanauliza kwa uchungu wa kweli na nyumbani kuna mtoto amerudishwa. Lakini nimeona kamati ya parokia ikikata pesa ya mavazi ya ibada "kwa ajili ya wahitaji," na hiyo pesa wahitaji hawakuiona, ilinunua spika mbili kubwa na mixa.

Halafu kuna kitu hawa watetezi wa maskini hawapendi kuuliza, maskini mwenyewe anataka nini. Huku Magharibi mgeni akiingia hata kwa nyumba ya matope kuna ingokho, yani kuku, itakimbizwa huko nje, na hakuna mtu wa hiyo boma atakuja kusema mngempa sukuma kuku auzwe. Ndiyo hiyo hiyo wanaileta kanisani. Waliochanga kasula ya padre mpya mara nyingi ni jumuiya ndogo ndogo, mama mboga ametoa mia, mwenye boda ametoa hamsini, na siku yenyewe wao ndio wanasukumana kuona. Ukimwambia huyo mama kwamba ungependelea padre avae shuka la kawaida kwa heshima ya umaskini wake atakuangalia vibaya sana, na ana haki.

Mfano mkubwa uko hapa hapa Nyanza na sielewi kwa nini hautajwi. Legio Maria, kanisa la huku kwetu, ilizaliwa miaka ya 60 kati ya Wajaluo waliotoka Kanisa Katoliki, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakiwa mbele, ikasajiliwa 1966. Kumbuka miaka hiyo Roma ilikuwa inafanya nini: inatoa Kilatini, inapunguza mapambo, wataalamu wanasema mtu wa leo anataka vitu rahisi. Sasa wakulima na wavuvi wa ziwa walipopata nafasi ya kujipangia ibada yao wenyewe bila mzungu kusimama pale, walichagua nini? Walibeba Kilatini wakakaa nacho, wakabeba kanzu za rangi, rozari, misalaba, makardinali, mpaka papa wao, na kule Got Kwer Migori ukienda siku ya hija utaona rangi mpaka macho yachoke. Mimi si Legio na kuna mengi sikubaliani nao, lakini kwa hili swali moja wao ni mashahidi na ushahidi wao ni mzito. Hakuna aliyewalazimisha. Hawakuona hizo nguo kama matusi kwa umaskini wao, waliona ni zao.

Kitu cha tatu ndio mimi nakipenda zaidi, vazi linamfunika mtu. Padre akiwa sakristia, kile chumba cha kuvalia, kuna sala ya zamani ya kila vazi, ya kasula inataja ile nira ya Bwana iliyo laini na mzigo mwepesi, yani anabebeshwa. Kasula nyingi ni za parokia. Zinaning'inia kwa kabati, Fadha mnene anavaa, Fadha mwembamba anavaa, akihamishwa anaiacha hapo na anayekuja anaikuta. Ile ya upadirisho ndiyo yake kweli, hiyo nakubali, lakini hata hiyo hakuichagua kama mtu anavyochagua suti. Na hapo ndipo nashangaa, juu mjini tuko na wahubiri ambao hawavai kasula wala nini, wanavaa suti, na watu wanajua suti ni ya wapi, saa ni ya aina gani, viatu vimenunuliwa wapi, na mahubiri yanaanzia hapo. Toa vazi la ibada, huyo padre atavaa nguo tu, na nguo hiyo itakuwa imechaguliwa na yeye, kulingana na pesa yake na vile anajiona. Sijui ni unyenyekevu gani huo.

Na watakatifu waliokuwa maskini kabisa walijua hii tofauti. Fransisko wa Asizi, yule wa kuvua nguo zote mbele ya askofu, kwa barua zake anawahimiza wakubwa wa ndugu zake kwamba kalisi (kikombe cha Misa), vitambaa vya altare na kila cha sadaka viwe vya thamani. Yohane Maria Vianney, padre wa Ars kule Ufaransa, alitembea na kanzu imechanika, anakula viazi vya kuchemsha, lakini mavazi ya Misa aliyafuata Lyon na alitaka mazuri yaliyoko. Hata kanuni za Misa za sasa zinasema vazi lipate uzuri wake kutoka kwa kitambaa na mshono badala ya kurundika mapambo, na hapo nawapa wale wa urahisi pointi yao juu kuna kasula nimeziona zina picha, maua, taa nusura ziwake, na kitambaa chenyewe ni nailoni. Hiyo ni gharama bila uzuri. Fundi wetu na pamba au kitenge kizuri anaifunika hiyo kabisa na pesa inabaki mtaani.

Tuna wetu pia. Kardinali Maurice Otunga, kijana wa Bungoma, mtoto wa chifu Sudi Namachanja, kiti cha baba alikiacha akaenda upadre. Alikuwa askofu msaidizi hapa Kisumu, akaenda Kisii, halafu Nairobi, na 1973 akawa kardinali wa kwanza Kenya. Ile nyekundu alivaa, hakuna mahali alijifanya mkubwa kuliko vazi la kazi yake kwa kulikataa. Alipostaafu alienda kuishi Nyumba ya Wazee na wale masista wanaolea wazee maskini, akafa 2003, akazikwa makaburi ya wamisionari. Kwa hivyo mtu anaweza kuvaa hariri altareni na asiwe na kitu chumbani, hao wawili ni mtu mmoja na hawagombani.

Sasa upande wangu una kidonda na Yohane Krisostomo, mtakatifu na mhubiri wa kale, ndiye anakigusa, kwa mahubiri yake juu ya Injili ya Matayo: unataka kuuheshimu mwili wa Kristo? Usimpambe kwa hariri ndani ya kanisa halafu nje umwache anakufa kwa baridi na uchi. Hakuna ujanja wa kuruka hapo. Parokia yenye kalisi imepakwa dhahabu na haijui ni familia ngapi ndani ya jumuiya zake zinalala njaa, hiyo dhahabu inaishtaki. Ila ona Krisostomo hakusema hariri ichomwe, alisema usifanye hii ukaacha ile, na aliongea na matajiri wa Antiokia, hakuwa anaongea na mama mboga wa Kondele aliyetoa mia.

Na ukiniuliza watu wamekasirikia nini hasa, sidhani ni kasula. Fahari imetoka altareni ikamfuata mtu nje. Ni gari la harambee, ni hema la wageni mashuhuri lenye viti vya kitambaa wakati bibi wa miaka 80 ameketi kwa nyasi juani, ni mwanasiasa anapewa maikrofoni kabla baraka ya mwisho haijatolewa, ni bahasha. Kasula ndiyo inaonekana kwa picha basi inapigwa yenyewe. Maaskofu nao wanajua, ndio maana Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo, aliyekuwa kwetu hapa Kisumu kabla aende Nairobi, alikataa zile milioni 2.6 za Rais kwa kanisa la Soweto kule Kayole, akasema zirudishwe. Siku hiyo mlisikia mtu akilalamikia mitra yake, ile kofia ndefu ya askofu? Mimi sikusikia, na anaivaa kila Jumapili.

Kwa hivyo upadirisho ujao kamati ikileta bajeti mbele ya waamini, mstari wa kasula nitachanga na nitauliza tu fundi ni nani na kama ni wa hapa. Ule wa hema la wageni mashuhuri na maji ya chupa ndio nitasimama, na nataka mwenyekiti anijibu huyo mgeni ni nani na kwa nini kivuli chake kinalipwa na sadaka.