Mjukuu wa Artois na wosia tusiouandika

Huku Ufaransa, mtu yeyote huingia chumba cha kusomea nyaraka za mkoa bila kulipa hata senti, akaagiza karatasi za miaka mia saba iliyopita, zikaletwa mezani. Jambo hili linanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Dainville, nje kidogo ya Arras, jengo la nyaraka limepewa jina la Mahaut, mwanamke aliyerithi jimbo la Artois, na hesabu za nyumba yake zinasomwa mpaka leo. Kwetu babu kafariki juzi tu, na shamba lake halina hata kikaratasi.

Najua mtasema, "Kaenda Ulaya, sasa cha mzungu ndicho kizuri." Hapana. Makabaila hawa walidhulumiana kweli kweli. Robert wa Pili, mtawala wa Artois, aliuawa vitani Courtrai, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 11 Julai 1302. Mwanawe Philippe alikwisha kutangulia mwaka 1298, akaacha mabinti na mtoto wa kiume, naye akiitwa Robert. Mila ya Artois haikumruhusu mjukuu kushika nafasi ya baba aliyekufa kabla ya babu, kwa hiyo jimbo zima likaenda kwa shangazi yake Mahaut. Kijana akashtaki. Akashindwa mwaka 1309, akashindwa tena 1318.

Baadaye zikatokea barua zinazodai kwamba babu alikuwa amempa Philippe na uzao wake Artois tangu zamani. Mihuri ya nta ilikuwa ya kweli, ila ilibanduliwa kwenye barua nyingine za kale ikabandikwa kwenye maneno mapya. Mahakama ya mfalme ikakagua, ikahoji mashahidi, uongo ukafichuka. Jeanne de Divion, aliyezitengeneza, alichomwa moto Oktoba 1331. Robert akafukuzwa nchini mwaka uliofuata, hatimaye akakimbilia kwa mfalme wa Uingereza.

Sasa pigeni hesabu ya mirathi hiyo kwa sheria ya Kiislamu. Binti mmoja, Mahaut, nusu. Mjane, thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki, mafungu 9 kati ya 24, ni cha mjukuu na dada zake, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Kwa kadhi yeyote wa Lamu au Unguja, Robert asingetoka mikono mitupu. Kwa sheria ya urithi ya Kenya pia, watoto wa Philippe wangechukua fungu la baba yao. Kwa hiyo msiniambie nadharau vya kwetu! Sheria tunayo, na hapo tumewapita.

Kinachonichosha ni ukaidi wetu wa kutoandika. Kwa sheria ya Kiislamu, ami akiwa hai, mjukuu yatima harithi; ila hazuiliwi kupewa wosia usiozidi theluthi ya mali, maana yeye si mrithi. Dawa hiyo mashekhe wameisema misikitini hadi sauti zimekauka, na bado mzee anakataa kalamu eti anajiitia kifo. Akishazikwa, ami anasema shamba lote lake, mama wa yatima anasema marehemu aliahidi, na mashahidi wa ahadi ni wale wale wanaogombea.

Mtasema wakili ni ghali. Wosia unaweza kuandikwa kwa mkono: eneo la shamba na mipaka yake, majina kamili, tarehe, sahihi, na mashahidi wasiopata chochote humo. Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuuhifadhi. Nakala ya pili apewe mtu asiyerithi, na watoto wote waambiwe ni nani.