Kujua Kusoma, Ughaibuni na Nyumbani

Nina shahada mbili, lakini mwaka wangu wa kwanza nchini Finland nilikuwa, kwa kipimo cha nchi ile, mtu asiyejua kusoma. Sizungumzii Kifini, lugha ambayo hata wenyewe hukiri kuwa inamtoa mgeni jasho. Nazungumzia kuishi mahali ambapo mtu hufungua kumbukumbu zake za kodi na za matibabu kwa namba za siri anazopewa na benki yake. Ofisi moja iliniandikia barua kunitaka nijaze fomu mtandaoni kabla ya tarehe fulani. Ili kuijaza nilihitaji namba za benki. Ili kupewa namba hizo nilihitaji kitambulisho cha aina maalumu. Na ili kukipata nilitakiwa kuweka miadi kwenye tovuti ambayo niliisoma mara tatu bila kutambua ni sehemu ipi inayonihusu. Tarehe ikapita. Nilipokwenda kujieleza, niliambiwa kwa upole kwamba maelezo yote yalikuwemo kwenye tovuti, na kweli yalikuwemo.

Aliyenitoa gizani ni mkutubi. Sheria ya maktaba ya mwaka 2016 inazitaka maktaba za umma za kule ziwasaidie watu kutafuta habari na kuzielewa, si kuazimisha vitabu tu. Nilimkuta akimwelekeza mzee wa miaka themanini hivi aliyekuwa akihangaika na barua pepe. Kilichonivutia ni mikono ya yule mkutubi: muda wote aliifungia mgongoni, nadhani ili asishawishike kushika kipanya na kummalizia mzee kazi. Mazungumzo yao sikuyaelewa, ila zamu yangu ilipofika alinifanyia vivyo hivyo, akiniuliza kwa Kiingereza: unaona nini hapo, nani amekiandika, anataka ufanye nini. Nilitumia karibu saa nzima kwa jambo ambalo yeye angelimaliza kwa dakika mbili, na tangu siku hiyo sijarudi kuomba msaada wa namna ile.

Baadaye nilifahamu kwamba maswali yale hayakuwa ya mkutubi peke yake. Wafini wana neno, *monilukutaito*, ambalo kwa Kiswahili ningeliita kisomo cha namna nyingi, na limo katika mtaala wa taifa wa mwaka 2014 ulioanza kutumika shuleni mwaka 2016. Halikuundiwa somo lake. Limepitishwa katika masomo yote, kwa imani kwamba picha, grafu, tangazo na video ni maandishi yanayosomwa kama barua inavyosomwa, na kwamba nyuma ya kila kimoja yupo mtu mwenye nia yake. Mwalimu wa hisabati anaweza kuuliza kwa nini mhimili wa grafu umeanzia 50 badala ya sifuri, na wa sanaa akauliza ni nini kilichokatwa pembeni mwa picha.

Nisieleweke kwamba nimeiona pepo. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA, wastani wa kusoma wa watoto wa Finland ulikuwa 546 mwaka 2000, na mwaka 2022 ulikuwa umeshuka hadi 490. Tangu Agosti 2025 sheria inazuia matumizi ya simu wakati wa masomo isipokuwa kwa ruhusa. Kwa maoni yangu kushuka huko ni onyo kwa wanaodhani kwamba kisomo kipya kinaweza kuchukua nafasi ya kile cha zamani. Asiyeweza kumaliza kurasa tano hawezi pia kukagua chanzo cha habari, maana kukagua chanzo ni kusoma zaidi, si kusoma kidogo.

Sasa nirudi nyumbani, Tanzania, kwa mama yangu mdogo aliyeishia darasa la saba. Ule ujumbe maarufu wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii" yeye huusoma kwa jicho moja huku akiendelea na kazi zake. Aliwahi kunichambulia mmoja: kwanza, hakuna hela aliyomwahidi mtu yeyote, pili, jina linalotokea si la mtu anayemfahamu, tatu, mdai wa kweli angempigia. Nawajua watu wa Ulaya wenye elimu kubwa ambao wameibiwa kwa ujumbe mwepesi kuliko huo. Hicho ni kisomo kamili, na hakuna shule iliyompa. Kimetokana na kutumia pesa za kwenye simu kila siku.

Lakini mama mdogo huyohuyo alipokea kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa mtu aliyejiita daktari, akieleza kwamba majani fulani hutibu shinikizo la damu kuliko vidonge vya hospitali. Juu yake palikuwa na vile vishale viwili vinavyoonyesha kuwa ujumbe umesambazwa mara nyingi. Mimi huviona vishale hivyo kama onyo. Yeye aliviona kama ushahidi: kama wengi wameutuma, basi wengi wameufaidi. Aliacha vidonge kwa wiki tatu, na tulijua siku alipoanguka. Nilipompigia, baada ya shikamoo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza alimwaminije mtu asiyemjua. Akanijibu, "Mwanangu, sauti yake ilikuwa ya mtu msomi." Sikuwa na la kumjibu, maana hata mimi ile tovuti ilinitisha kwa sauti yake ya kisomi.

Kinachonisikitisha ni kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na dawa ya jambo hili. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, taifa ambalo theluthi mbili hivi ya watu wazima wake hawakujua kusoma wakati wa sensa ya mwaka 1967 lilifika mahali, mwaka 1986, serikali ikatangaza kuwa waliobaki ni chini ya asilimia 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Mama mdogo, akiwa mtoto, alikuwa akimsindikiza bibi. Anasimulia kwamba kipindi kilipokwisha hakuna aliyeondoka: kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, watu wakabishana, wakakubaliana watachimba choo wapi na nani aje na jembe. Redio ilisema mara moja, kikundi kikaongea kwa muda mrefu zaidi. Leo sauti inaingia kwenye simu ya mtu aliye peke yake, na kinachofuata kusikiliza ni kuituma mbele. Kundi la familia lipo, lina watu arobaini, ila kazi ya kubishana imeondolewa.

Kwa hiyo siwaombi Wizara wala walimu walete neno la Kifini. Tulikuwa na letu, kisomo chenye manufaa, na maana yake ilikuwa kwamba mtu ajifunze kusoma kupitia jambo linalomgusa. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na huo ni wakati mzuri wa kulirudisha. Jambo linalomgusa mtu leo ni, kwa mfano, programu ya mkopo inayoomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu, kwa masharti marefu ya Kiingereza, kisha ikaja kuwatumia jamaa zake ujumbe wa kumwaibisha anapochelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuzipiga marufuku ni sawa, lakini nyingine zitakuja kwa majina mengine, na kitufe cha kukubali kitakuwa palepale.

Wapo watakaosema kwamba shule zina uhaba wa madawati nami naleta habari za grafu. Ni kweli kuhusu madawati. Ila tapeli hasubiri yapatikane.

Mimi na mama mdogo tumejiwekea utaratibu. Kila Jumamosi ananitumia ujumbe mmoja uliomvutia, nami najitahidi kufunga mikono mgongoni, kazi ambayo ni ngumu zaidi ukiwa mbali na una haraka ya kusema "ni uongo huo". Jumamosi iliyopita alituma kwenye kundi lote la familia video ya mtu aliyevaa koti jeupe, na chini yake akaandika: "Huyu ni daktari wa hospitali gani? Anayemjua aseme." Hadi naandika haya, hakuna aliyejibu, na hakuna aliyeisambaza.